Je, Wajua? Newala Ina Watu Wengi Kuliko Saint Lucia

Kila Olimpiki inapokaribia, maneno ni yale yale, iwe stendi ya Masasi au kwenye vibanda vya kahawa Newala: mbio fupi wameumbiwa watu wa visiwa vya Karibi, sisi Waafrika Mashariki tuachiwe ndefu. Watoto wetu wanayasikia, wanayaamini, na mwenye kasi anaishia kuchezeshwa winga kwenye mpira. Kumbukumbu za riadha zinasimulia habari nyingine.

Wilaya moja na nchi nzima

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 205,492 katika Newala. Saint Lucia, nchi kamili yenye bendera yake na kiti chake Umoja wa Mataifa, ina watu takribani 180,000. Masasi hatujaihesabu bado.

Tarehe 3 Agosti 2024, jijini Paris, binti wa kisiwa hicho aitwaye Julien Alfred alishinda fainali ya Olimpiki ya mita 100 kwa sekunde 10.72. Mmarekani Sha'Carri Richardson, aliyekuwa bingwa wa dunia, alifika wa pili kwa 10.87, na katika mbio za aina hiyo huo ni mwanya mkubwa. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Saint Lucia, na ikawa ya dhahabu moja kwa moja. Siku tatu baadaye Alfred akaongeza fedha katika mita 200.

Alizaliwa mwaka 2001, akakulia Castries, mji mkuu. Baada ya ushindi aliwaambia waandishi wa habari kwamba utotoni alikimbia peku, na sare ya shule mwilini, kwenye viwanja visivyo na chochote. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 12, na kwa muda akaiacha riadha. Alipofika miaka 14 aliondoka nyumbani peke yake kwenda kusoma Jamaika, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na makocha na mashindano. Kutoka Jamaika akaenda Chuo Kikuu cha Texas nchini Marekani. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mjini Glasgow, alikuwa tayari bingwa wa dunia wa mita 60 za ndani ya ukumbi, na mwaka 2025 akapata shaba ya mita 100 katika mashindano ya dunia ya Tokyo.

Usidhani kwao kuna viwanja vya kifahari. Mwaka 2009 hospitali ya St. Jude, kusini mwa kisiwa, iliungua moto, na wagonjwa wakahamishiwa kwenye uwanja mkuu wa michezo wa taifa. Uwanja ukageuka hospitali kwa miaka mingi. Alfred alikua katika nchi ambayo uwanja wake mkubwa ulikuwa umejaa vitanda vya wagonjwa, na bado akawa mwanamke mwenye kasi kuliko wote Paris.

Kisiwa kidogo zaidi

Saint Kitts na Nevis haifikishi hata watu 60,000. Ndiyo nchi ya Kim Collins, bingwa wa dunia wa mita 100 mwaka 2003. Mwezi Mei 2016, akiwa na miaka 40 kamili, Collins alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.93 huko Bottrop, Ujerumani. Hakuna mtu wa umri huo aliyewahi kushuka chini ya sekunde 10 kabla yake.

Mtoto wa Mombasa aliyemwacha nyuma bingwa wa Bahama

Hapa naomba msomaji atulie nami kidogo, maana hii ni habari ambayo kila mwalimu wa michezo wa Pwani na Kusini angepaswa kuwa nayo kichwani.

Seraphino Antao alizaliwa Mombasa mwaka 1937, katika familia yenye asili ya Goa. Alikulia mjini humo humo, jasho na joto la Pwani, usawa wa bahari, bila mlima wala hewa nyepesi ya Bonde la Ufa ambayo leo kila mtu huitaja akizungumzia wakimbiaji wa Kenya. Mwezi Novemba 1962 alisafiri kwenda Perth, Australia, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola. Kenya ilikuwa bado koloni. Uhuru ulikuja Desemba ya mwaka uliofuata.

Wakati huo walikimbia yadi 100, ambazo ni mita 91 na nusu hivi. Kwenye mstari alikuwapo Harry Jerome wa Kanada, mmoja wa watu wenye kasi kubwa duniani, na alikuwapo Tom Robinson wa Bahama, ambaye miaka minne nyuma, mjini Cardiff, alikuwa ametwaa dhahabu ya yadi 220 na fedha ya yadi 100. Jerome aliumia msuli katikati ya mbio. Antao alimaliza wa kwanza kwa sekunde 9.5, Robinson wa pili. Kisha Antao akarudi uwanjani na kutwaa dhahabu ya yadi 220 pia. Mtu wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya Jumuiya ya Madola alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi kutoka mji wa Waswahili. Wale mabingwa wa mbio ndefu wa milimani walikuja baadaye.

Robinson naye anastahili heshima yake. Alishiriki Olimpiki nne, kuanzia 1956 hadi 1968, na mwaka 1964 alifika fainali ya mita 100. Katika michezo mitatu ya Madola iliyofuatana, 1958, 1962 na 1966, alipata fedha ile ile ya yadi 100. Bahama haikumsahau. Uwanja wa taifa wa Nassau, uliofunguliwa mwaka 2012, unaitwa Thomas A. Robinson, na umeandaa mashindano ya dunia ya kupokezana vijiti mara nne.

Antao alibeba bendera ya Kenya katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, lakini maradhi yalimnyima mbio nzuri. Hakuchukua muda akaacha riadha, akahamia London, na huko ndiko alikofariki mwaka 2011. Ilibidi kusubiri miaka 60 tangu Perth ndipo Mkenya mwingine ashinde mbio hizo za Madola: Ferdinand Omanyala, Birmingham, 2022, mita 100 kwa sekunde 10.02.

Saa moja, medali moja

Katika Tokyo hiyo hiyo ya 1964, Wilson Kiprugut aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800. Aliyefika wa nne ni George Kerr wa Jamaika. Saa ziliwaandikia wote wawili muda uleule: dakika 1 na sekunde 45.9.

Jukwaa la Waafrika Mashariki watupu

Tunapotaja michezo ya Madola ya Christchurch 1974 tunamtaja Filbert Bayi, na ni haki yake. Tarehe 2 Februari, kijana wa miaka 20 kutoka Karatu aliondoka mbele tangu mlio wa bunduki, hakumngoja mtu, akamaliza mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Kama rekodi ya michezo ya Madola, muda huo ulidumu miaka 48, hadi 2022.

Lakini katika michezo ile ile kuna Mtanzania mwingine aliyepanda jukwaani, na jina lake limefunikwa na la Bayi: Claver Kamanya, shaba ya mita 400. Mita 400 ni mbio fupi. Ni mzunguko mmoja wa uwanja kwa kasi ambayo mwili hauwezi kuivumilia, na mita 50 za mwisho miguu hukataa kumtii mwenyewe. Dhahabu ilikwenda kwa Charles Asati wa Kenya, fedha kwa Silver Ayoo wa Uganda, shaba kwa Kamanya wa Tanzania. Jumuiya ya Madola nzima, pamoja na Jamaika, Trinidad na Bahama, na medali zote tatu zikaja kwa majirani watatu wa Afrika Mashariki.

Asati hakuwa mgeni. Miaka miwili kabla yake, Munich, yeye, Munyoro Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang waliipa Kenya dhahabu ya Olimpiki ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne. Na katika Olimpiki hiyo hiyo ya 1972, John Akii-Bua wa Uganda alikimbia mita 400 za kuruka viunzi kutoka njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa ambayo wakimbiaji wengi huiogopa kwa ukali wa kona zake, akashinda kwa sekunde 47.82. Hakuna aliyewahi kushuka chini ya 48 kabla ya siku hiyo.

Mtanzania aliyevunja rekodi mbele ya Wajamaika

Tarehe 17 Mei 1975, Kingston. Bayi alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0, akaiondoa rekodi ya Jim Ryun wa Marekani iliyokuwa imesimama tangu 1967. Rekodi ile ilivunjwa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ilidumu miezi mitatu tu kabla ya John Walker wa New Zealand kuichukua, ila kwa miezi hiyo mtu mwenye kasi kuliko wote katika maili alikuwa Mtanzania, na shahidi wake wa kwanza alikuwa umati wa Jamaika.

Mwaka uliofuata dunia ikawangoja Bayi na Walker wakutane Montreal. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya kaburu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nyingi za Afrika zilizosusia Olimpiki ya 1976. Naona uamuzi ule ulikuwa wa haki. Na naona pia kwamba walioulipia ni vijana ambao miguu yao haikuweza kungoja miaka minne mingine.

Tazama sasa nani alishinda Montreal upande wa wanaume. Mita 100: Hasely Crawford wa Trinidad. Mita 200: Don Quarrie wa Jamaika. Mita 400 na mita 800: Alberto Juantorena wa Kuba. Mbio zote za gorofa, kuanzia mita 100 hadi 800, zilikwenda visiwa vya Karibi. Walistahili, hakuna anayewapunguzia. Lakini mabingwa wa Munich wa mita 400 mara nne hawakuwapo, na mita 800 ilikimbiwa bila Mike Boit wa Kenya, aliyekuwa na shaba ya Munich.

Ng'ambo ya Ruvuma

Simama Newala mjini, ukingoni mwa uwanda wa juu, utazame kusini. Chini ni bonde la Ruvuma, ng'ambo ni Msumbiji, na Wamakonde wako pande zote mbili. Nchi hiyo unayoiona ndiyo nchi ya Maria Mutola, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka 2000 na bingwa wa dunia mara tatu nje ya ukumbi, 1993, 2001 na 2003.

Mutola ni mtoto wa Maputo, mbali sana kusini, na alianza na mpira wa miguu, akicheza pamoja na wavulana. Aliyemwona na kumshauri aingie riadha alikuwa mshairi, José Craveirinha, mmoja wa waandishi wakubwa wa Kiafrika wanaotumia Kireno. Mwaka 1988 msichana huyo wa miaka 15 alikuwa Seoul kwenye Olimpiki. Aliendelea hadi Olimpiki ya sita, Beijing 2008. Mwaka 2003 alishinda kila mbio ya ligi ya dhahabu ya riadha na kuondoka na dola milioni moja peke yake.

Mutola hakutafutwa na chama cha michezo. Mtu mmoja mwenye macho alimwona msichana anacheza mpira, akamwelekeza kwenye riadha.

Ming'oko na viazi vikuu vya Trelawny

Usain Bolt alipotamba Beijing mwaka 2008, baba yake, Wellesley, alisema siri ya mwanawe ni viazi vikuu vya Trelawny, wilaya ya mashambani wanakotoka. Wajamaika wakafurahi, na wataalamu wa lishe wakakumbusha kwamba hakuna chakula kimoja kinachomfanya mtu awe bingwa.

Ming'oko yetu, ile inayochimbwa porini Masasi, Newala na kote Kusini, ikachemshwa na kuuzwa barabarani, ni ya jamii moja na viazi hivyo vikuu. Kitaalamu inaitwa Dioscorea hirtiflora. Sisemi kwamba inaleta kasi. Ila mtoto anayekula ming'oko asijione mnyonge wa chakula mbele ya mtoto wa Trelawny. Wanga wa mmoja ni ndugu wa wanga wa mwingine.

Kilichotangulia ni shule

Siri yenyewe ya Jamaika ina tarehe: 1910. Mwaka huo, Kingston, shule za sekondari za wavulana zilianzisha mashindano ya riadha ambayo hadi leo huitwa Champs. Wasichana walikuwa na yao, na tangu 1999 wote hukimbia pamoja. Kila mwaka, kwa siku tano, uwanja wa taifa hujaa wazazi, wanafunzi wa zamani, wauza vyakula na wapiga ngoma, kwa ajili ya watoto wa shule. Bolt alipokuwa mwanafunzi wa William Knibb, katika Champs ya 2003 alikimbia mita 200 kwa sekunde 20.25 na mita 400 kwa 45.35. Taifa zima lilimjua kabla dunia haijasikia jina lake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mjini humo humo, akiwa na miaka 15, alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mita 200. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba hofu ilimvisha viatu, cha kulia mguu wa kushoto na cha kushoto mguu wa kulia.

Sisi tunayo UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Mtoto hupanda kutoka shule kwenda kata, wilaya, mkoa, hadi taifa. Mwaka 2021 mashindano hayo ya taifa yalifanyika mjini Mtwara, saa chache tu kwa basi kutoka Masasi, kwenye mji wenye uwanja wa Nangwanda Sijaona, jina la Lawi Nangwanda Sijaona aliyekuwa waziri katika serikali za mwanzo za Mwalimu Nyerere. Na uwanja mkubwa kuliko wote nchini, ule wa Dar es Salaam wenye viti 60,000 na njia za kisasa za riadha, tangu 2020 unaitwa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, aliyesoma Ndanda.

Ngazi ipo, basi. Kinachokosekana ni uwanja kujaa. Fainali ya mita 100 ya shule za mkoa hukimbiwa mbele ya walimu na wachezaji wanaosubiri zamu yao, matokeo huandikwa kwenye daftari, na daftari hufungwa. Kingston wangeyasoma redioni jioni ile ile.

Newala iko juu, lakini haijapita

Hewa ya mwinuko ni nyepesi, na humsaidia mkimbiaji wa mbio fupi kuipasua. Ndiyo maana shirikisho la riadha la dunia huweka alama maalumu kwenye muda wowote uliokimbiwa juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Omanyala alipokimbia sekunde 9.77 Nairobi, tarehe 18 Septemba 2021, na kuwa mwenye rekodi ya Afrika, alikuwa zaidi ya mita 1,600 juu. Rekodi ni halali kabisa; alama ni ya kumbukumbu tu.

Uwanda wa Makonde uko juu ukilinganisha na Pwani, na asubuhi za Newala zina baridi ambayo watu wa Mtwara mjini huishangaa. Hata hivyo Newala haifiki mita 1,000, na Masasi, iliyo chini kati ya milima yake ya mawe, ndiyo kabisa. Muda wa mtoto anayekimbia huku hauhitaji alama yoyote.

Mbio ndefu iliyoamuliwa kwa mbio fupi

Septemba 2025, Tokyo, Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha, katika marathoni. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Baada ya kilomita 42 ilibidi waamuzi watazame picha ya mstari wa mwisho, na Simbu alikuwa ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Mita 100 ya wanaume mara nyingi huamuliwa kwa mwanya mkubwa kuliko huo.

Mwalimu, tazama mkono, usingoje sauti

Hili ni la walimu wa michezo, na naliweka hapa kwa sababu limewaumiza watoto wengi bila mtu kujua.

Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mwanzishaji akipuliza kipenga mwanzo wa mita 100, sauti humfikia mwenye saa mwishoni baada ya karibu sekunde 0.3. Mwenye saa akibonyeza anaposikia, mtoto ameshakimbia karibu theluthi ya sekunde bila kuhesabiwa. Anaandikiwa 11.2 wakati alikimbia 11.5. Anasifiwa wilayani, anapelekwa mkoani ambako saa zinashikwa vizuri, anapata 11.5 na kuambiwa ameshuka kiwango. Wengine huacha hapo hapo.

Katika mashindano makubwa ya zamani, waamuzi walibonyeza saa walipoona moshi wa bunduki, kabla mlio haujafika. Pasipo na bunduki, mwanzishaji anyanyue mkono wenye kitambaa cheupe au chekundu na kuushusha kwa ghafla sambamba na kipenga. Mwenye saa akodolee kitambaa. Awekwe mtu zaidi ya mmoja mwenye saa, watatu ikiwezekana, na muda wa katikati ndio uandikwe. Simu ya mkononi nayo ina saa ya michezo, na ikiwekwa kurekodi video ya mstari wa mwisho itamaliza ubishi wa nani alitangulia. Uwanja wa mchanga upimwe kwa utepe wa fundi ujenzi, mita 100 kamili, si kwa hatua za miguu. Kisha jina la mtoto, shule yake, tarehe na muda viandikwe mahali ambapo mwaka ujao vitapatikana.